Kadi ya Mitumba

Kadi imefika na treni ya Jumanne, ndani ya debe la biskuti,
imeviringishwa kwenye kanga kama yai la kanga.
Laki nne na themanini. Nimelipa kwa harusi tatu
na kipaimara kimoja ambacho bado sijakihariri.

Kwanza ilikuwa ya mtu aliyechimba sarafu zisizoshikika,
usiku na mchana, miaka miwili, chumba kisicho na dirisha.
Akaibadilisha akili: akaipunguzia mbio za moyo,
akaikimbiza kumbukumbu, akaiachia homa.
Leo, kwangu Isevya, inanguruma kama mashine ya kukoboa
na picha ya bibi harusi inakatika kila anapocheka.

Mihayo amekuja na flashi shingoni, kwenye kamba ya kitambulisho.
"Tuiflashi," anasema, "irudiwe na akili ya kiwandani.
Dakika mbili tu."
Mihayo huyu huyu aliyesema dakika mbili mwaka juzi
kwa simu ya dada yangu. Hadi leo inazuia mlango.

Haya, tupime.
Ikikubali, feni itatulia, video ya saa nzima
itaiva kwa dakika ishirini, si usiku kucha
nikizilinda uniti za Luku kama mtu aliyebandika maziwa.
Nitalala. Hilo peke yake lina kilo zake.

Ikikataa, tofali. Ndivyo mafundi wanavyoita,
nasi Tabora tunalijua tofali:
ukishalichoma hulirudishi kuwa udongo.
Na Mama Nzigula anaitaka harusi ya mwanawe Jumamosi,
ameshaalika watu waje kuitazama, ameshanunua soda.

Na umeme. Usinisahaulishe umeme.
Saa moja jioni mtaa mzima unapiga pasi,
taa inasinzia, inakumbuka, inasinzia.
Ukikatika katikati ya kuandika,
kadi inabaki na nusu ya akili hii na nusu ya ile,
haijui hata kujitambulisha kwa kompyuta iliyoibeba.

Baba alikuwa mgeuza reli pale stesheni:
ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, ya Mpanda kule.
Hakuwa msemaji. Ila mara moja niliuona
mkono wake umekaa juu ya wenzo, hauvuti,
behewa la mwisho bado linapita,
mtu anamfokea avute,
naye anahesabu magurudumu.

Nikamwambia Mihayo: inakili kwanza akili ya zamani,
hata kama ni mbaya. Weka nakala pawili.
Lete betri ya lori la shemeji yako na kigeuza umeme.
Na hilo faili lako, ni la kadi hii au la ndugu yake?
Akakaa kimya. "Zinafanana," akasema.
Pacha pia wanafanana. Dawa ya Kulwa usimnyweshe Doto.

Basi tukaigeuza tusome namba zake mgongoni.
Nikapuliza vumbi, vumbi la nchi nisiyoijua,
na pale ukingoni, chini ya utando,
kiswichi. Kidogo kama punje ya mtama.
Upande huu, akili ya mchimbaji. Upande ule?
Tukazima. Nikachomoa pini ya ushungi wangu,
nikakisukuma.

Tukawasha.
Feni ikashusha pumzi kama mtu anayevua viatu.
Bibi harusi akacheka mpaka mwisho, meno yote.
Mwendo haukuwa ule alioahidi Mihayo,
ila saa sita usiku harusi ilikuwa imeiva.

Ningeishia hapo. Lakini Mihayo
alikuwa bado anaizungusha ile flashi kidoleni.
"Si unaona? Upande mmoja salama. Huo mwingine
sasa tunaujaza tunachotaka. Nina faili moja
linakimbiza kuliko kiwanda. Njia ya kurudi tunayo."

Taa ikasinzia. Ikakumbuka.
Njia ya kurudi tunayo.
Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, tangu asubuhi,
maana mkono wangu ulikuwa umeshaifuata flashi.