Kwa Nini Nusu

Alikuja kwenye kinu changu na sufuria ya mchele,
ameuroweka tangu jana, ameuchuja kwa mtandio.
Bi Okhi, mpangaji wangu wa orofani,
ahesabuye mikoko ya Manda kwa kalamu na buti za mpira.
Nikamwambia, mchele wa kuroweka huo ni wa vitumbua.
Akatikisa kichwa: "Huu ni wa mwezi."

Mwezi wao wa nane, kumi na tano yake.
Nikahesabu vidoleni: kwetu ni Mfungo Sita,
Langoni kunafagiliwa,
matari yapashwa moto ngozi zikaze,
maulidi yako mlangoni.
Kumbe twahesabiwa na mmoja,
na hamuulizi mtu pasipoti.

Tukatwanga. Tukachekecha. Tukakanda kwa maji ya moto
hata unga ukawa laini kama ndewe ya sikio.
Ndani ufuta wa kukaanga na sukari guru.
Akanionyesha: fanya kidonge, toboa, jaza, kunja, bana,
na nusu mwezi ukalala kiganjani mwake.
Wangu ulitoka na pembe, kama mbuzi.

"Kwetu," akasema, "afinyaye vizuri
huzaa binti mzuri."
Mwanangu, mimi nimeshazaa wanne,
na yule mwenye pua ya kombo
ndiye aniletea unga kila mwisho wa mwezi.
Akacheka hata ufuta ukamwagika.

Ikawa shida ya majani.
Kwao hutandika ya msonobari, mvuke upite katikati.
Mjukuu wangu Lali akatoka mbio, akarudi na tawi la mvinje.
Okhi akalinusa, akalinusa tena,
kama mtu aliyepewa barua ya jirani kwa makosa.
"Siyo yenyewe," akasema. "Lakini weka."
Harufu iliyopanda haikuwa ya kwao wala ya kwetu.

Asubuhi alitandika meza ndogo:
wali, changu mzima na kichwa chake,
papai mahali pa peari,
na kunazi. Hizo, alisema, hata kwao zipo,
ila nono zaidi na nyekundu.
Picha ya mamake imeegemea birika langu.
Akavaa soksi safi, akainama, paji likagusa mkeka.

Mimi nilishuka.
Si kwa hasira; paji langu lina Mwenyewe.
Nilikaa dakani nikamsomea Fatiha mama yangu, Mwanamkuu,
na sijui kwa nini, siku ile niliisoma polepole.

Aliposhuka, macho mekundu, akaniuliza:
"Kaburi la mama yako, nani hukata nyasi?"
Kwao, kabla ya sikukuu, wana hupanda vilima na mundu
wakawanyoa wazazi wao vichwa.
La mamake liko mlimani. Ana kaka mmoja,
na kaka huyo hapokei simu.

Nikafikiri. Nikasema kweli:
"Punda."

Hakucheka mara moja.
Alasiri akaazima mundu wangu, akafuatana na Lali.
Sikumwuliza shehe, sikuuliza mtu.
Magharibi wakarudi, mbigili zimemjaa soksini.
"Nimewaachia punda kidogo," akasema.

Usiku tukala darini.
Lali alikula kumi na moja, kwa hesabu yake mwenyewe.
Juu yetu mwezi umejaa, hauna ufa,
na sisi mikononi tuna nusu nusu.
Nikamwuliza, mbona mmekata?
Akamung'unya kwanza, akameza.
"Uliojaa," akasema, "hauna pa kwenda ila kupungua."

Ule wangu wenye pembe niliuma upande,
upande mwingine nikaubakiza sahanini.
Wafu wetu hawali, nalijua hilo tangu chuoni.
Sikuwa na sababu.

Asubuhi sahani ilikuwa safi.
Paka, bila shaka.