Safu ya Sababu

Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwa kontena
jengo limeshakwisha.
Lina lifti, lina rangi, lina mama wa orofa ya sita anayeanika kanga
(huyo mama nimemwongeza mimi).
Kwa kweli ni michirizi tu:
buluu ya kazi, kijani ya akiba,
na nyekundu, ile njia isiyo na msamaha:
ikilegea siku moja, funguo nazo zitachelewa siku moja.

Nje ya mlango, hapa Tudor, tuna shimo.
Shimo lina maji, maji yana chumvi.
Yakipwa, pampu inajisifu.
Yakijaa, pampu inakohoa kama mvuta kiko.
Miaka minne chuoni hakuna aliyeniambia
kwamba msingi nao hufuata mwezi.
Alinifundisha Nyawa, msimamizi wa mafundi,
kwa kidole kisicho na ukucha:
"Dada Kanini, zege la chini limimine maji mafu.
Bamvua usithubutu."

Nikaliweka maji mafu.
Mwezi ishirini na moja Ramadhani,
mchirizi mwekundu, mnyoofu kama wanja wa bibi harusi.

Nondo zikalala Kilindini siku nane.
Karatasi moja haikugongwa muhuri,
mwenye muhuri alikuwa na msiba Taveta.
Sikumlaumu. Kwenye safu ya sababu niliandika: bandari.
Safu ni nyembamba, msiba haungeenea.

Siku nane zikatusukuma hadi mwezi ishirini na tisa,
bamvua, na juu yake labda Idi.
Nikaandika Idi, nikaweka alama ya kuuliza.
Simu kutoka Nairobi, Bwana Wairegi:
"Programu haina alama ya kuuliza. Ni lini?"
"Ni mwezi, bosi."
"Mwezi gani? Wa nne au wa tano?"
"Wa angani."
Kimya. Nikamsikia akibofya kalamu.

Nikahesabu kinyumenyume, kama mtu arudiaye njia kutafuta pete:
maji yatajaa saa kumi alfajiri,
kwa hiyo ndoo ya mwisho saa nane,
kwa hiyo ya kwanza saa moja, waliofunga wakishafuturu,
kwa hiyo malori yavuke Makupa kabla barabara haijafurika.
Kwa hiyo, kwa hiyo.
Ndiyo kazi yangu. Nalipwa kwa "kwa hiyo".

Saa tatu usiku, lori la tano likitapika,
simu zikaita mifukoni karibu pamoja.
Umeandama.
Takbira zikapanda juu ya mngurumo.
Vibreta ikanyamaza mkononi mwa Shee Mbwana.
Mkataba, kifungu nilichokiandika mwenyewe, ulimruhusu kwenda.
Nilitazama viatu vyangu.
Nyawa, Mkristo wa Kinango ambaye hakufunga hata siku moja,
alisema polepole, kama anayeomba chumvi mezani:
"Zege halilali."
Shee akacheka.
"Wala mke wangu. Bado anashona kanzu ya mtoto."
Vibreta ikawaka.

Ndoo ya mwisho, saa nane na dakika ishirini.
Saa kumi maji yakaja, yakapapasa ukingo, yakakuta pamefungwa.
Shee akanawa miguu kwa mpira wa pampu,
akaenda kuswali Idi na saruji kwenye masikio.

Asubuhi nilifungua toleo la kumi na saba.
Safu ya sababu ni ya kuchelewa tu;
kuwahi hakuulizwi.
Nikaiacha tupu.
Mchirizi uliofuata: zege kunyweshwa maji, siku saba.
Kwenye karatasi ni buluu isiyo na mtu.
Shimoni, sikukuu yote,
Nyawa yuko peke yake na mpira wa maji matamu,
anamwagilia
kama mwenye mchicha.