Dakika Tatu

Watu wa redio walimfuata Urambo,
wakampa dakika tatu.
Babu Lugusha akacheka, akakaza uzi wake mmoja wa zeze:
"Dakika tatu? Jeshi langu halijafika hata Ugalla."

Kisa alikianza magharibi, tumbaku ikikauka kwenye bani,
akakimaliza jogoo wa pili,
wapagazi wote wametajwa kwa majina,
hata yule aliyekufa kwa kuhara.

Hakujua kusoma. Risiti za chama cha msingi
alizikunja, akazibia ufa wa kibuyu.

Sasa zeze ninalo mimi, Nyamizi, binti wa binti yake.
Nayakumbuka yote, kutoka mtoni hadi bomani.
Na pale alipokuwa akikohoa, kabla mtemi hajaanguka,
nami hukohoa.

Wasikilizaji hudhani naumwa.