Na, Au

Nilimkuta mwaka wa theluji kubwa, Buffalo,
mahakama ya nyumba, ghorofa ya tatu:
Bernadette Kaczmarek, wakili wa wasio na cha kumlipa,
begi limefungwa kwa kamba ya kiatu,
kipande cha mkate ndani ya faili la mteja.
Mimi mkalimani, nalipwa kwa saa.

Siku hiyo Mama Nabintu alisema
mwenye nyumba kazima joto tangu Novemba,
mtoto anakohoa mpaka anatapika.
Nikageuza neno kwa neno. Hakimu akapiga mwayo.
Bernadette akainuka, mguu mmoja buti la theluji,
wa pili kiatu cha heshima
(alisahau kumaliza kubadili),
akaweka kidole kwenye mkataba:
"Hapa pana 'na', Mheshimiwa. Joto na maji ya moto.
'Na' ni fundo. 'Au' ni mlango wa uani."

Tulishinda. Nyingi nyingine tulishindwa,
miaka kumi na minne ya kesi za asubuhi,
hata mumewe akachoka kupasha supu ileile mara tatu,
akahamia Florida na paka.

Alipogombea nilimtembeza Mtaa wa Grant:
saluni, duka la unga wa muhogo, kanisa la ghorofani.
Alisema "habari za asubuhi" saa mbili usiku;
wakacheka, wakampa kura.
Mia mbili na sita ndizo zilizomvusha.

Albany kuna ngazi za mawe zenye nyuso za kuchongwa.
Alinipigia: huku hata ukuta unakusikiliza,
ila haukuahidi kitu.
Akajifunza kula na watu waliomnunia mchana,
kusema "tutaona",
kununua begi jipya.
Sikumwita mgema. Sifa zilikuwa nyingi, basi.

Mwaka wa tano sheria yake ya joto ikapita.
Picha, kalamu, makofi.
Wakaniletea niitie Kiswahili, senti kumi na mbili kwa neno.
Kifungu cha saba: mwenye nyumba atarudisha joto
au atamlipa mpangaji.

Nikasoma tena kwa miwani ya mke wangu.
Nikampigia. Kimya. Nikasikia lifti yao ikilia.
"Zilipungua kura tatu," akasema.
"Ilikuwa nipoteze neno au nipoteze sheria."
Sikujibu. Nadhani alijisikia mwenyewe,
maana alikata simu polepole,
kama anayefunika sufuria mtoto asiamke.

Nikaandika "au". Herufi mbili, senti kumi na mbili.

Jumamosi, kwenye mashine za kufulia,
Mama Nabintu akaikunjua karatasi juu ya shuka zenye mvuke.
Kidole chake kikashuka, kikashuka,
kikasimama palepale.
"Mkalimani," akasema, "hapa umekosea."