Kuhesabu Hadi Tisini

Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi,
jua la Desemba bado limelala nyuma ya mlima,
tunashuka wanne kwenye mteremko wa kuvutia mashua:
Billa, mkunga mstaafu, miaka sabini na minne,
Durita na dada yake Rannvá, wasiosemezana nchi kavu,
na mimi.
Durita anatumbukiza kipimajoto
alichokifunga kwa kamba ya kiatu,
anakisoma kwa tochi kama anayesoma bei ya samaki.
"Sita."
Wiki jana sita na nusu, tukajiona tunadekezwa.

Nimeshayavulia nguo; sina budi.

Kwanza vifundo vya miguu. Hapo baridi si baridi, ni chuma.
Kisha magoti, kisha mapaja,
kisha kile kipande cha kiuno
ambacho kila mmoja wetu hukiombea kwa lugha chafu,
hata Billa, mwimbaji wa kanisani.
Kisha kifua, na pumzi inatimka
kama kuku aliyeona kisu;
unaiita, haiji, unaiita, inarudi vipandevipande.
"Toa nje," asema Billa, kwa sauti ile ile
iliyozalisha nusu ya kijiji. "Usivute. Toa."

Nahesabu.

Miaka thelathini na moja nilisimama kiwandani
nikichuna minofu ya chewa juu ya barafu iliyosagwa,
vidole vikifa Jumatatu, vikifufuka Jumamosi.
Baridi ile ilikuwa na saa ya ukutani na msimamizi,
ilikuwa na mshahara, na makato.
Hii haina bosi.
"Umestaafu baridi," asema Hanus mume wangu,
"halafu unaifuata kwa miguu yako?"
Yeye ni baharia wa miaka arobaini asiyejua kuogelea.
Rika lake hawakujifunza:
ukianguka kule, walisema, kuogelea ni kurefusha tu.

Kurefusha nini, sikuwahi kumuuliza.

Arobaini. Arobaini na moja.
Ngozi inawaka kama imepakwa upupu.
Mikono si yangu, ni ya jirani fulani.
Bata wa baharini ananitazama, anazama,
anaibukia kwingine, hana la kuthibitisha.

Kaka yangu Dánjal alianguka Februari,
usiku, nyavu zikipandishwa.
Hanus alikuwa zamu. Ndivyo nilivyomjua:
ndiye aliyetuletea sweta iliyobaki kitandani,
bado ina harufu ya tumbaku.
Kasisi alisema amelala. Mama alisema hakuteseka.
Watu wazima husema vitu.
Nina miaka arobaini na miwili na swali moja:
iliuma kwa muda gani?

Wenzangu sijawaambia. Wanakuja kwa ajili ya viungo, usingizi,
Rannvá kwa ajili ya talaka.

Themanini na tisa.
Tisini, na hapo, kila mara,
maumivu yanaachia, kama mkono uliochoka kushika.
Si joto. Ni kitu kinachokaa jirani na joto.
Mlima unaanza kupata ukingo, kondoo wanaanza kuwa kondoo,
najisikia nikicheka.
Tisini, Dánjal. Kwako, na buti zile, labda mia.
Najua hesabu hii imepinda: mimi nina mteremko wa kurudia,
nina chupa ya chai.

Dakika ya nane Billa anapiga filimbi, tunatoka
wekundu kama vitoto vyake vya siku ya kwanza.
Halafu ile aibu ya vifungo:
vidole vimekuwa vijiti, sweta inanicheka.

Leo Hanus yuko juu ya gati. Hakusema anakuja.
Anashuka, anavua glavu,
ananifunga kuanzia chini,
anakosea, kifungo kimoja kinabaki bila tundu,
anafungua, anaanza upya.
"Huwa inauma?" anauliza vifungo.
"Mwanzoni."

Durita anasema Ijumaa upepo utageuka.
Wimbi dogo limepanda, limeingia viatuni mwa Hanus.
Hajaona. Au ameona.
Amefika kifungo cha nne.