Kwa Penseli, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nimeazima kitabu changu mwenyewe
katika maktaba ya mkoa, hapa Tabora.
Bi. Mwamvita akagonga muhuri bila kuniangalia usoni:
"Siku kumi na nne. Na usikichore,
wenzako wamekichora vya kutosha."

Kweli wamekichora.
Ukurasa wa tisa, kwa wino wa bluu: Uongo.
Neno moja tu, na mistari miwili chini yake.
Mbele kidogo mtu amezihesabu "ghafla" zangu,
kumi na moja, kila moja kaizungushia duara
kama mwalimu wa darasa la nne.
Na mwishoni kabisa, pale nilipoandika huku nalia,
pana hesabu ya magunia ya karanga
na deni la mtu aitwaye Nkwabi.

Miaka saba natembea na maneno ya wasomaji
kama aliyekatiza porini akarudi
na kishonanguo kwenye suruali:
unabandua moja, vidole vinakuta jingine.

Mrina asali wa Sikonge alinisimamisha sokoni.
"Wewe ndiye uliyewarina nyuki saa saba mchana?
Walikuacha hai?"
Akanionjesha asali kwa kijiti, bure,
nisije nikadhani ananichukia.

Bwana Mihayo, mstaafu wa reli,
alijaza kurasa nne za daftari
juu ya filimbi moja
niliyoipuliza mahali pasipo pake.
Kuhusu mapenzi, vifo, na ile sura ya mvua
hakusema kitu.

Ila yupo mmoja wa Urambo, hakutia jina,
aliyenichapa kwa mizani kamili:

    Kitabu nimekisoma, jalada hadi mwishowe,
    Majina mengi wasema, ya milima na ya mawe,
    Ila jina lake mama, hukulijua mwenyewe,
    Alomzaa shujaa, kwani hakupewa jina?

Nilicheka.
Kisha nikahesabu silabi kwa vidole, nikitafuta kosa.
Halikuwepo.

Usiku ule nilikipekua kitabu chote, kurasa mia mbili na kumi.
Mama anapepeta. Mama anakohoa.
Mama yuko mlangoni na taa ya chemli.
Mbwa ana jina. Baiskeli ina jina.

Nikaandika jibu refu:
kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe,
ni heshima hiyo, ndugu msomaji, si usahaulifu.
Barua nzuri. Ipo kwenye droo, haina stempu.

Maana nilipofika kwenye neno heshima
nilikumbuka benchi la Kitete,
rangi yake imebanduka, nina miaka kumi na mitatu,
kadi ya hospitali nimeishika mimi
kwa sababu mimi ndiye ninayejua kusoma.
Muuguzi akatoka, akaita, "Nyamizi Kapela!"
Kimya.
Akaita tena.
Nami nikageuka, nikitazama akina mama wa watu,
nione ni yupi atakayesimama.

Mama akanigusa goti.
"Ni mimi huyo," akasema, taratibu,
kama anayeomba radhi.

Leo asubuhi nimechonga penseli.
Ukurasa wa arobaini na moja,
pale anapoingia mara ya kwanza na kuni kichwani,
juu ya neno mama, kwa herufi ndogo,
nimeandika Nyamizi.
Sura zilizobaki sikuzigusa.
Mkono ulikuwa mzito, na muda umekwisha.

Bi. Mwamvita akakipokea, akapekua jani kwa jani
(hajawahi kupekua cha mtu mwingine, naapa)
akafika pale, akasoma, akavua miwani.
"Si nilikwambia? Elfu mbili."
Nikalipa. Akaandika risiti polepole,
akasita kidogo kwenye tarehe.

"Na huyu wa wino wa bluu," akauliza,
"aliyeandika Uongo,
ni wewe pia?"