Nani Awe Gunia

Kitangari, Novemba, korosho zimejaa ghala,
nami nimeweka kalamu chini ninywe chai.
Nyuma ya ukuta watoto wanacheza mnada.
Mizani wameshatundika: vifuniko viwili vya ndoo,
kamba ya katani, kijiti.
Stakabadhi ni majani ya mkorosho;
bichi ni elfu kumi, kavu ni jero.

Kazi zinagawanywa upesi kuliko uji wa shule.
Mfaume mnunuzi, maana baba yake ana mota ya salfa;
amesokota kanga ya dada yake, amejipa tumbo.
Chiwalo mlinzi, ana fimbo.
Wasichana kule, ubavuni mwa ukuta, wabangue.
Wala hawakuambiwa mara mbili. Wameshakaa,
miguu wameikunja, wanapuliza vidole vilivyoungua
kwa mafuta ambayo hayapo.

"Na gunia?"

Hakujibu mtu. Macho yote yalimwendea Mchopa,
ambaye mama yake huokota mikoroshoni mwa watu
na kilo zake mbili tatu, shida ikizidi,
huziuza kangomba, kwa bakuli, usiku.
Mchopa alikuwa ameshalala.
Anajua kuwa gunia yule: hulegeza shingo,
hufumba macho, akiangushwa hasemi hata "aah".

"Karani je?"
Hapo nikatega sikio, nikatabasamu kabisa,
kwa sababu Somoe wangu yumo humo
na karani wa chama, msimu wa nne huu, ni mimi.
Mimi ndiye nisomaye kilo. Mimi ndiye nitiaye saini.

"Karani Bakiri," akasema Somoe. "Karani mwanamume."
"Si mama yako?"
Akafikiri, kokoto mkononi.
"Mama anamsaidia tu karani."
"Karani yupi?"
"Hajaja."

Chai ikapoa.

Nani kamfundisha? Nilitaka kumpata mtu
nimpeleke kwa mtendaji.
Nikaanza na redio, nikaja kwa mwalimu,
nikamfikia bibi yake, aliyeuliza mlangoni siku ile nilipojifungua,
"Mchota maji au mkata miti?"
kabla hajauliza kama vidole vimetimia.
Ningesimama hapo. Marehemu habishi.
Lakini firigisi ya juzi niliiweka sahani ya nani?
Mkono ulikwenda wenyewe kwa kaka yake
kama mbuzi ajuaye zizi.
Somoe akapokea shingo, akasema asante,
akakaa ananitazama nikisugua chungu.

Na asubuhi hii hii, pale mizani,
baba Mfaume alipoingia nilisema,
"Shikamoo mzee, kiti hicho."
Mama Mchopa nikamwambia, "Wewe, ngoja kwanza."
Akangoja juani na kilo zake saba.
Somoe alikuwa mlangoni, anahesabu magunia.
Au nilidhani anahesabu magunia.

Nikatoka. Sikuhutubu;
hawakuyajua haya kwa hotuba.
Nikamwinua Mchopa, nikampangusa vumbi,
nikalala mahali pake, na koti la chama mwilini.
"Leo gunia ni mimi. Mchopa, pima.
Somoe, shika chaki."

Wakacheka mpaka Chiwalo akadondosha fimbo.
Kisha wakaacha kucheka.
Saruji ilikuwa ya baridi, na kutoka pale chini
viatu vya Mfaume ni vikubwa mno.
Somoe akaandika nne, kaigeuza,
akaifuta kwa kidole, akaandika tena, kaigeuza tena.
Nikafungua kinywa nimweleze
ile nne inatazama wapi.

Mchopa akainama, akaniwekea kiganja mdomoni,
taratibu, kama fundi kwa mwanafunzi.
"Mama karani," akasema,
"gunia halisemi."